Grasmere kwa miguu: namna ya kusoma ushairi wa Wordsworth pale ulipotungwa

Watu wengi wakifika Grasmere, kijiji cha nchi ya maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hushuka kwenye basi, hukata tiketi ya nyumba ya mshairi wa Kiingereza William Wordsworth, huonyeshwa kitanda na mahali pa kuota moto, hupiga picha mlangoni, kisha wanarudi walikotoka. Hata saa moja haiishi. Nimewahi kupeleka wageni wangu kwa mtindo huo, na kila mara nilirudi nikihisi nimewapunja. Mashairi ya mtu huyu hayakutungwa mezani. Aliyatunga akitembea, akiyasema kwa sauti, mistari ikikaa kichwani kabla ya kukutana na kalamu. Nyumba ni mahali alipokuwa akikausha viatu.

Basi mwongozo huu ni wa siku nzima ya kutembea, kama kilomita 10 hivi, kutoka nyumba hiyo hadi kijiji jirani cha Rydal na kurudi Grasmere kwa njia nyingine. Mwishoni nimeongeza matembezi ya asubuhi ya pili kwa atakayeweza kulala huko, na kwa maoni yangu hiyo asubuhi ya pili ndiyo yenye uzito kuliko yote. Nimewafikiria Waswahili wenzangu mnaoishi Manchester, Leeds, Birmingham au London, na ndugu zenu wanaokuja kuwatembelea.

Hatua ya 1: Soma vitu vitatu kabla ya kufunga begi

Usibebe kitabu kizima. Vitu vitatu vinatosha, na kwa kuwa ni maandishi ya zamani utavipata bure mtandaoni.

Cha kwanza ni ukurasa wa shajara ya Dorothy, dada yake William, wa tarehe 15 Aprili 1802. Anza na huo, shairi lisubiri. Siku hiyo Dorothy na William walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu kandokando ya ziwa Ullswater, wakitoka kwa rafiki yao Thomas Clarkson. Clarkson ndiye yule aliyezunguka Uingereza kwa miaka akikusanya ushahidi dhidi ya biashara ya watumwa ya Atlantiki, mpaka Bunge likaipiga marufuku mwaka 1807. Upepo ulikuwa mkali. Waliona maua machache ya dafodili karibu na maji, wakasonga mbele, yakazidi, yakazidi tena, hadi yakawa kama barabara ndefu ufukweni. Dorothy anaandika kwamba hakuwahi kuona dafodili nzuri namna ile. Zimeota katikati ya mawe yaliyoota kijani, nyingine zimelaza vichwa juu ya mawe hayo kama juu ya mto kwa uchovu, na zilizobaki zinarushwa, zinayumba, zinacheza, kana kwamba zinacheka na upepo unaozivumia kutoka ziwani.

Sasa fungua cha pili, shairi lenyewe la dafodili. William alilitunga mwaka 1804, miaka miwili baadaye, na kulichapisha mwaka 1807. Anasema alikuwa peke yake kama wingu. Dorothy hayumo, mawe hayamo, wala yale maua yaliyochoka. Lakini kule kucheza kwa maua ndiko kule kwa shajara ya dada. Na ile mistari miwili inayotaja jicho la ndani, ambalo ndilo raha ya mtu aliye peke yake, ilitoka kwa Mary, mke wake. William mwenyewe alikiri hivyo, na alisema ndiyo mistari bora ya shairi zima. Shajara ya Dorothy haikuwahi kuchapishwa kama kitabu akiwa hai. Alifariki mwaka 1855. Ukiyajua haya mapema, utaingia kwenye ile nyumba ukijua kuwa ni karakana ya watu watatu.

Cha tatu ni shairi refu la Michael. Lisome usiku wa kuamkia safari, kisha liache. Tutalirudia.

Kuna kazi moja zaidi ya kufanya ukiwa nyumbani: hesabu mizani. Chukua mshororo wa kwanza wa shairi la dafodili, I wandered lonely as a cloud, uhesabu kwa vidole. Nane. Wa pili, nane. Kila ubeti una mishororo sita, na beti ni nne, kwa hiyo sisi tungeliita tasdisa. Kwa mtu aliyekulia kwenye shairi la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, mshororo mmoja wa Wordsworth ni sawa na kipande kimoja cha mshororo wetu. Tofauti ni kwamba Kiingereza hakitosheki na idadi tu. Silabi nyepesi na nzito hupokezana, moja nyepesi, moja nzito, kama hatua za mtu anayepanda mlima taratibu. Jaribu kugeuza ubeti mmoja kwa Kiswahili uone unavyokaa. Mimi nilipoujaribu wa kwanza ulikubali kuwa tarbia:

Nilitanga kama wingu, lielealo angani,
Peke yangu, moyo wangu, hauna la kutamani,
Mara maua mafungu, ya dhahabu ukingoni,
Yacheza bila machungu, na upepo wa ziwani.

Tunga wako, si lazima uwe huu. Ukiwa na ubeti wako mwenyewe mfukoni, utaghani kitu njiani badala ya kusoma tu, na kughani ndiko kunakokupa pumzi ya kutembea nayo.

Hatua ya 2: Chagua majira na uheshimu giza

Dafodili huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili. Ukitaka maua, nenda wakati huo, ukijua kwamba utakuwa na wenzako wengi. Mimi napenda zaidi Oktoba. Makangaga yaliyofunika miteremko hugeuka rangi ya kutu, wageni wamepungua, na kijito unakisikia kabla hujakiona.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Novemba moja niliondoka Rydal saa tisa alasiri, nikijiambia kilomita tatu si kitu. Giza lilinikuta ndani ya miti, mawe ya njia yamelowa, simu ina chaji kidogo. Nilifika Grasmere nikipapasa ukuta wa mawe kwa mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo tochi haitoki kwenye begi langu, hata mwezi wa Juni.

Mvua ni sehemu ya mahali. Seathwaite, kitongoji kilicho ng'ambo ya milima hiyohiyo, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Mwavuli uache, upepo utaupindua. Vaa koti lisilopitisha maji na buti zenye nyayo za kushika, beba soksi za akiba na chupa ya chai. Anayevaa baibui au gauni refu alikunje au avae lililo juu kidogo ya kifundo, na suruali ndani, maana pindo likishanyonya maji ya majani huwa zito na humkwaza mtu penye mawe. Mashairi yachapishe kwa herufi kubwa, uyatie kwenye mfuko wa plastiki. Usitegemee simu, mtandao hupotea mabondeni.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka London panda treni kituo cha Euston hadi Oxenholme, mwendo wa karibu saa tatu. Hapo badili, panda ile ndogo ya Windermere. Nje ya kituo cha Windermere kuna basi namba 555 linalopita Ambleside na Rydal kwenda Grasmere. Shuka kwenye kituo cha Dove Cottage, ndiyo ile nyumba ya Wordsworth, kabla ya kijiji chenyewe. Ratiba hubadilika kwa majira, na Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo iangalie jana yake. Kumbuka ratiba zinahesabu saa kwa Kizungu: saa tatu asubuhi yetu itaandikwa 9:00.

Ukiwa kwenye treni hiyo ya Windermere, fahamu kwamba Wordsworth hakuitaka. Mwaka 1844, akiwa na miaka 74, aliipinga reli kwa soneti na kwa barua gazetini. Reli ilifika hata hivyo, mwaka 1847. Alihofu makundi ya wafanyakazi kutoka miji ya viwanda, watu ambao kwa maoni yake hawakuwa wameandaliwa kuona uzuri wa nchi. Hapo simkubali hata kidogo. Kwa hoja hiyo mimi na wewe tusingefika. Namkubali yeye yule wa miaka ya nyuma, aliyeandika katika kitabu chake cha kuongoza wageni kwamba nchi hii ya maziwa ni kama mali ya taifa, na kila mwenye jicho la kuona na moyo wa kufurahia ana haki nayo. Maneno hayo ndiyo yaliyodumu. Mmoja wa waanzilishi wa National Trust, shirika la kutunza ardhi na majengo ya kale, mwaka 1895, alikuwa Hardwicke Rawnsley, kasisi wa huku huku kwenye maziwa. Eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na UNESCO ikaliandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2017.

Hatua ya 4: Ndani ya nyumba, angalia sakafu na kuta

Nunua tiketi mapema mtandaoni na uhakikishe siku wanazofungua, hasa majira ya baridi. Fika saa nne asubuhi.

Nyumba ilikuwa baa ya njiani kabla ya William na Dorothy kuhamia tarehe 20 Desemba 1799. Jina la Dove Cottage lilitokana na jina la baa hiyo na lilikuja baadaye. Wao walipaita Town End. Vyumba vya chini vina giza, kuta zimefunikwa mbao, sakafu ni mabamba ya mawe. Mwongozaji atakueleza mengi. Wewe simama muda mrefu sehemu mbili.

Ya kwanza ni stoo ya chakula. Chini ya sakafu yake hupita maji ya kijito, na ndiyo yaliyokuwa jokofu lao. Ya pili ni chumba kidogo cha juu ambacho Dorothy alikibandika magazeti ukutani kuzuia baridi. Aliyelala kwenye nyumba ya udongo iliyobandikwa magazeti, akajifunza kusoma kwa kufuata vichwa vya habari ukutani, hahitaji kuelezwa kilichofanyika hapa. Humu ndimo walimoishi kwa fedha kidogo, wakila uji wao na viazi vyao. William alimuoa Mary Oktoba 1802 na watoto watatu wa kwanza wakazaliwa humu. Mwaka 1808 nyumba ikawa imewazidi udogo, wakahama.

Kisha toka upande wa nyuma. Bustani inapanda mlima moja kwa moja, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. William alikuwa na mazoea ya kwenda na kurudi kwenye kipande kimoja cha njia, huko na huku, mpaka ubeti ukae. Rafiki yake Coleridge alipenda kutunga akipita penye mawe na vichaka, pabaya kwa mguu. William alitaka pasipo na kikwazo. Thomas De Quincey, aliyeishi katika nyumba hii baada yao, alikadiria kwamba miguu ya Wordsworth ilitembea maili 175,000 hadi 180,000 maishani. Panda mpaka juu ya bustani, chagua hatua kumi za njia, uende na kurudi ukisema ubeti wako kwa sauti. Utaona mwenyewe, mwisho wa mshororo huangukia pale unapogeuka.

Saa tano na nusu uwe umeshatoka.

Hatua ya 5: Njia ya majeneza hadi Rydal

Kutoka mlangoni usiende kijijini. Pandisha barabara ndogo ya zamani inayopita mbele ya nyumba, ukiacha barabara kuu ya magari chini kulia kwako. Baada ya kupanda kidogo utaona njia inayochepuka kushoto, imeandikwa Rydal. Mshale wa buluu maana yake njia ni ya miguu, farasi na baiskeli. Wa njano ni wa miguu tu. Kila geti liache ulivyolikuta: kama lilifungwa lifunge, kama liliachwa wazi liache wazi, maana mfugaji ana sababu zake.

Watu wa Rydal na Ambleside zamani hawakuwa na makaburi yao. Maiti ilibebwa mabegani kwa njia hii hadi kanisa la St Oswald's, Grasmere. Njiani yapo mawe bapa makubwa ya kutulia jeneza, wabebaji wavute pumzi. Moja liko mapema tu, kabla hujaingia kwenye miti. Ni jiwe la kawaida, halina mapambo, na mtu asiyejua hulikalia akala mkate wake. Kwetu pwani jeneza halitui njiani, watu hupokezana bega kwa bega wakikimbilia thawabu. Hapa walitembea kilomita tano au sita za mlima, wachache, kwenye theluji. Ukilifikia jiwe hilo, weka begi lako juu yake kwa dakika moja, ujue uzito unavyoshuka.

Njia haina ugumu. Inapita ubavuni mwa mlima, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mizizi, vijito vidogo vya kuruka, na chini kulia ziwa la Rydal likionekana kati ya miti. Kama mko wawili au zaidi, fanyeni hivi: mmoja atangulie akisoma ukurasa wa Dorothy, sentensi moja moja; wa nyuma ajibu kwa ubeti wa William. Msisimame kusoma. Mkikosa pumzi, sentensi ni ndefu kuliko mlima, punguzeni mwendo. Nilifanya hivi na binamu yangu na wanawe wawili. Yule mdogo ndiye aliyegundua kwamba maneno ya Dorothy hayasemeki kwa mwendo wa haraka, anakulazimisha uangalie chini. Ya kaka yake yanakuinua kichwa.

Hatua ya 6: Rydal

Njia inashuka hadi Rydal Mount, nyumba ambayo familia ilihamia mwaka 1813 na William akakaa mpaka alipofariki tarehe 23 Aprili 1850. Ni nyumba ya mtu aliyefanikiwa, yenye mwanga na nafasi. Sina mengi ya kusema juu ya vyumba vyake. Bustani ndiyo ya kuangalia: matuta marefu ya kutembelea aliyapanga mwenyewe ubavuni mwa mlima, yamenyooka, kwa ile kazi yake ya kwenda na kurudi. Kuna kisa kwamba mgeni alifika akaomba kuonyeshwa chumba cha kazi cha bwana. Mtumishi akamwonyesha vitabu, akasema, hii ni maktaba yake; chumba chake cha kazi kiko nje.

Shuka kidogo hadi kanisa dogo la St Mary's. Nyuma yake kuna shamba la mteremko linaloitwa Dora's Field. William alilinunua mwaka 1826, alipohofia kutolewa kwenye nyumba ambayo alikuwa mpangaji tu. Binti yake Dora alipofariki mwaka 1847, wazazi walilipanda dafodili. Wageni wengi hudhani ndizo dafodili za shairi. Za shairi ziko Ullswater, ng'ambo ya milima, na ni za mwitu, ndogo, rangi yake hafifu. Hizi ni za msiba. Ukifika Aprili usilighani shairi la wingu hapa. Pita kimya.

Kula chakula chako ufukweni mwa ziwa, usikae zaidi ya saa nane mchana.

Hatua ya 7: Kurudi kwa upande wa pili wa maji

Vuka barabara kuu kwa uangalifu, magari huenda kasi, kisha vuka daraja la miguu la mto Rothay na ufuate ukingo wa ziwa la Rydal, ziwa likiwa kulia kwako. Juu kushoto liko pango kubwa, machimbo ya zamani ya mawe ya kuezekea. Ukitaka kulipandia angalia kwanza mabango, mawe huweza kudondoka.

Endelea mpaka njia inyooke kwenye ubavu wa mlima Loughrigg. Hapo ndipo ziwa la Grasmere linajifungua lote mbele yako, na kijiji nyuma yake, na milima nyuma ya kijiji. Pumzika. Hapa napenda mtu asisome kitu. Kisha shuka kwenye miti hadi barabara nyembamba inayorudi kijijini. Haina njia ya watembea kwa miguu, tembea kulia ukiyaona magari yanayokuja.

Mtu akiumia mlimani, piga 999, omba polisi, kisha waambie unataka uokoaji wa milimani.

Hatua ya 8: Uwanja wa kanisa, kabla ya basi

St Oswald's iko katikati ya kijiji, mto ukipita ukutani mwake. Makaburi ya familia yako pamoja kwenye kona, mawe ya kijivu yenye majina na miaka, hakuna sanamu. William na Mary wako chini ya jiwe moja. Dorothy yuko karibu, na Dora. Miti minane ya kijani cheusi iliyo uwanjani, yew wanaiita, ilipandwa kwa mkono wa William.

Tafuta majina mawili madogo: Catherine na Thomas. Mwaka 1812 Catherine alifariki mwezi Juni, ana miaka mitatu, na Thomas akafuata Desemba, ana sita. Wakati huo familia ilikuwa ikiishi nyumba iliyotazamana na kanisa hili, kwa hiyo mama akifungua mlango anaona makaburi. Hawakuweza kuvumilia, ndiyo sababu walihamia Rydal. Ile nyumba yenye mwanga uliyotoka kuiona mchana ilikuwa ya watu waliokimbia kona hii. Ziko mistari ya William juu ya Catherine, soneti: anajiwa na furaha ya ghafla, anageuka ampatie mwenziwe, na mwenziwe yuko kaburini. Mstari huo wa kugeuka huwa siwezi kuusema kwa sauti mbele ya lile jiwe.

Kwenye lango la kanisa kuna duka dogo lililokuwa shule ya kijiji, ambamo Wordsworth aliwahi kufundisha. Sarah Nelson alianza kuuza mkate wa tangawizi hapo mwaka 1854 na bado unauzwa. Ni mkavu kama biskuti, unatafunika taratibu, tangawizi yake inawasha. Nunua wa njiani.

Hatua ya 9: Asubuhi ya pili, Greenhead Gill

Kama una usiku mmoja wa kulala, asubuhi nenda kwenye hoteli ya Swan, kandokando ya barabara kuu, upandishe kijia cha pembeni yake, kisha ufuate mabango ya Greenhead Gill mpaka geti la mlimani. Ni mwendo mfupi lakini unapanda. Baada ya geti fuata kijito.

Hapa ndipo mahali pa Michael, shairi la mwaka 1800. Halina vina, na kila mshororo una mizani kumi hivi, linatembea kama mzee anayehadithia. Michael ni mchungaji mwenye kipande cha ardhi cha urithi. Alimdhamini mtoto wa ndugu yake, mambo yakaharibika, na deni likamrudia. Ama auze sehemu ya ardhi, ama amtume Luke, mwanawe wa pekee, mjini akatafute fedha. Anamtuma. Jioni moja kabla ya safari anampeleka kwenye kijito hiki, ambapo amekusanya mawe ya kujengea zizi la kondoo, akamwambia aweke jiwe la kwanza liwe agano baina yao. Luke analiweka. Anakwenda. Barua njema zinakuja mwanzoni, kisha zinapungua, kisha mji unamharibu, mwishowe anakimbilia ng'ambo ya bahari. Mzee anaishi miaka saba zaidi, anakuja hapa kulijenga zizi, na majirani wanasema siku nyingine alikaa siku nzima asiinue hata jiwe moja. Alikufa halijakwisha. Ardhi ikaenda kwa mgeni, nyumba ikavunjwa, pakalimwa.

Mswahili gani hajui nyumba moja yenye habari hii? Shamba lililowekwa dhamana, kijana aliyesafirishwa kwa matumaini ya ukoo mzima, simu zilizoanza kuadimika. Ndiyo maana nasema asubuhi hii ina uzito kuliko dafodili zote. Wordsworth alilichukulia kwa uzito pia: Januari 1801 alimpelekea mwanasiasa Charles James Fox kitabu chenye shairi hili, na barua ya kueleza jinsi wakulima wadogo wenye ardhi yao walivyokuwa wakitoweka kaskazini, na jinsi kipande hicho cha ardhi kilivyokuwa ndicho kamba ya kushikilia upendo wa nyumbani kwao. Alitaka kiongozi asome shairi kama mtu anavyosoma ripoti.

Dorothy naye yumo. Tarehe 11 Oktoba 1800 aliandika kwamba walipanda kijito hiki kutafuta zizi. Waliliona likiwa linabomoka, limejengwa karibu kwa umbo la moyo uliogawanyika visivyo sawa. Umbo hilo William hakulitia kwenye shairi. Mimi hulitafuta kila nikipanda.

Usihangaike kujua ni mawe gani hasa. Kijito kimejaa mawe, na kuta zilizolala ziko kila mahali mlimani. Chagua mahali pakavu kando ya maji, ukae. Kondoo wa huku, Herdwick, watakuja kukutazama. Huzaliwa weusi na kuwa wa kijivu kadiri wanavyokua, sufu yao ngumu kama brashi. Soma kuanzia pale mzee anapompeleka kijana kwenye mawe, mpaka mwisho, kwa sauti, polepole. Dakika kama kumi na tano. Maji yatakufunika sauti, kwa hiyo mkae karibu. Usipange mawe juu ya mawe kwa ajili ya picha, na usiondoke na hata kokoto.

Mvua ikianza kubwa, shuka mara moja, kijito hiki hujaa haraka na mawe ya kuvukia huzama. Ukifika chini kwenye barabara kuu simama kwenye kituo, na basi la 555 ukiliona linakuja, nyoosha mkono mapema dereva akuone.